UZI: Stesheni ndogo za reli ya kati zinavyofanya kazi: kupishana, tiketi, mizigo na kwa nini treni huganda njiani

#1 Ulimi wa Pointi

Wakuu, swali la kwa nini treni ya bara inaganda saa nzima kwenye stesheni yenye mwembe mmoja na duka moja limeulizwa humu mpaka limechosha. Naweka jibu mahali pamoja, wenye ujuzi waongezee.

Cha kwanza kushika: stesheni kama Kintinku, Kitaraka, Malongwe, Nyahua au Goweko kazi yake kubwa ni kupishanisha treni. Abiria ni kazi ya pili. Reli hii ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, ni njia moja toka Dar hadi Kigoma. Ujenzi ulianzia Dar 1905, Kigoma ikafikiwa 1914, na injini za mvuke za wakati ule zilikuwa zinakunywa maji kila baada ya mwendo. Penye maji na pa kupishana ndipo stesheni ilipowekwa, na vijiji vingi vikasogea baadaye. Usishangae basi ukikuta stesheni iko mbali na soko.

Ukisimama mbele ya ofisi ya masta (mkuu wa stesheni) utaona njia mbili au tatu. Inayonyooka ni njia kuu. Inayochepuka upande huu na kurudi upande ule ni lupu. Ya tatu ikiwepo, mara nyingi imezibwa mwisho mmoja, na huko ndiko huachwa mabehewa mabovu au yanayosubiri kupakiwa. Penye mgawanyiko pana pointi, yaani reli mbili zilizochongwa ncha zinazosogezwa kwa wenzo hadi zibane kwenye reli ya pembeni.

Sasa mfano. Treni ya abiria inatoka A kwenda C, ya mizigo inatoka C kwenda A, zitapishana B iliyo katikati.

Masta wa A hamruhusu dereva kuondoka kwa sababu saa imefika. Kwanza anamuuliza masta wa B kama njia iko wazi. Masta wa B anatazama daftari lake la treni: treni ya mwisho iliyotoka A imeshafika? Imefika nzima? Kuna treni yoyote aliyoiruhusu kuelekea A? Pointi zake zimepangwa kwenye njia atakayompokelea mgeni? Vyote vikiwa sawa ndipo anatoa ruhusa na namba, na wote wawili wanaiandika pamoja na saa. Dereva anaondoka na kibali mkononi. Kuna sehemu na nyakati ambazo kibali kimekuwa karatasi, tokeni ya chuma inayotolewa kwenye mashine, au maneno ya kontrola (anayeongoza treni zote za sehemu hiyo kutoka mbali) kwa redio anayoyaandika dereva na kuyasoma tena. Msingi haubadiliki: kipande kimoja cha njia, treni moja.

Abiria wanafika B, wanaingia lupu. Upande wa C nako mchezo ni uleule. Treni ya mizigo ikishaachiwa kuja B, ya kwenu haiwezi kwenda C hata kama mbele hamuoni kitu. Piga hesabu: C hadi B ni kilomita 18, treni ya mizigo inakwenda wastani wa kilomita 35 kwa saa. Hiyo ni dakika 31. Ongeza za kupanga pointi, kukagua mkia, kuomba njia upya na kuandika kibali, unakaribia dakika 40. Na hapo hakuna kilichoharibika.

#2 Mgeni wa Jiji

Mkuu shukrani, lakini hiyo "imefika nzima" ni nini? Treni inafikaje nusu?

#3 Ulimi wa Pointi

Kiungio kikikatika au kikifunguka, mabehewa ya nyuma hubaki porini. Kwa kawaida breki hushika zenyewe kwa sababu bomba la upepo limekatika, lakini huwezi kuijenga kazi juu ya "kwa kawaida". Kwa hiyo behewa la mwisho hubeba alama ya mkia, usiku taa. Pointimani, yule anayegeuza pointi, anasimama kuitazama. Asipoiona, masta haandiki kwamba treni imefika, na kipande kile hakipewi mtu mwingine hadi ijulikane mkia uko wapi. Mkiona mtu wa stesheni anatembea hadi mwisho wa treni na kurudi bila kubeba kitu, hakwenda kupunga upepo.

#4 Kontrola Usiku

Mada nzuri. Naongeza na kupinga kidogo.

Watu hudhani treni ya abiria lazima ipewe njia kuu na ya mizigo ichepuke. Si lazima. Linalotazamwa kwanza ni urefu. Kila lupu ina mwisho wake, na katikati ya njia mbili pana alama, jiwe au taruma (nguzo inayolazwa chini ya reli) lililopakwa chokaa, inayoonyesha mahali ambapo behewa likizidi litakwaruzwa na treni inayopita njia ya pili. Treni ya mizigo ikizidi alama hiyo inabaki njia kuu, na abiria, wenye mabehewa machache, wanaingia lupu. Zikikutana treni mbili ambazo zote ni ndefu kuliko lupu, masta ana kazi: sharti moja ikatwe, kipande kiwekwe njia ya tatu, au kontrola awe ameliona mapema na kupanga wapishane stesheni nyingine. Kontrola mzuri hujulikana hapo.

La pili ni mlima. Toka Saranda kwenda Manyoni reli inaupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Treni iliyojaa ukiisimamisha kwenye mwinuko, kuiondoa tena ni shughuli: magurudumu ya injini yanateleza, mchanga unamwagwa, na ikishindikana inagawanywa mara mbili, nusu inapelekwa juu, injini inarudi kufuata nusu nyingine. Kwa hiyo anayepanda huachiwa apite, anayeteremka husubiri, hata kama anayesubiri ni ninyi wenye tiketi.

La tatu, treni ndefu ikisimama haiondoki kama basi. Bomba la upepo linatakiwa lijae hadi behewa la mwisho ndipo breki zote ziachie. Huchukua dakika kadhaa, na bomba likivuja zaidi ya hapo. Kazi hii haiharakishwi. Koki moja ya upepo ikifungwa katikati, kwa uzembe au kwa mkono wa mtoto anayechezea, dereva anakuwa na breki za mbele tu. Tarehe 24 Juni 2002 karibu na Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki mwendo mrefu hadi ikagongana na ya mizigo. Walikufa watu 281. Gadi, yule msimamizi wa treni, akisema bado anapima breki, mwacheni apime.

#5 Bi Matenga

Kaka zangu, mmesema ya treni, sasa semeni ya sisi watu wa mizigo. Nataka kutuma kuku na ndoo za asali toka stesheni ndogo upande wa Tabora kwenda Dar. Naweza kuja nao treni ikifika?

#6 Mizani ya Stesheni

Dada Bi Matenga, ukija treni ikiwa imesimama umechelewa. Kituo kidogo treni isipopishana husimama dakika chache tu, na behewa la mizigo linaweza kusimamia mbali na ofisi, kwenye kokoto tupu. Mzigo uwe umeshapimwa, umeshaandikwa, umeshapelekwa mahali litakaposimama behewa lile. Nenda asubuhi ya siku hiyo au jana yake, mwulize masta mambo matatu: leo behewa la mizigo lipo? Litakuwa mbele au nyuma? Nafasi ipo? Hili la tatu watu hulisahau. Treni ikiwa imejaa tangu Kigoma, mzigo wako utabaki na risiti yako.

Kufunga: kuku kwenye matenga ya fito yenye hewa, yasijazwe hadi wakakanyagana, na tenga moja lisiwe zito kuliko watu wawili wanavyoweza kulinyanyua hadi usawa wa kifua, kwa maana vituo vingi havina jukwaa la juu. Wanyweshe kabla ya kupakia, safari inaweza kurefuka. Utaulizwa pia kibali cha ofisa mifugo. Asali usitumie ndoo ya kifuniko cha kubana kwa mkono. Tumia dumu la kifuniko cha kuzungusha, weka nailoni chini ya kifuniko, usijaze hadi juu. Treni ikikaza au ikilegeza viungio, mshtuko unapita behewa hadi behewa, na ndoo iliyojaa pomoni hutapika.

Kila kipande kiandikwe jina la mpokeaji, stesheni unakotoka na unakokwenda, mara mbili: nje kwa kalamu ya wino usiofutika na kipande cha kadi kilichofungwa kwa kamba. Vipande vihesabiwe mbele yako na idadi iandikwe kwenye risiti. Gunia la tatu lisipoandikwa, kwenye vitabu halipo.

Mkaa na mbao ni habari nyingine. Bila vibali vya maliasili vya kusafirishia mazao ya misitu, usimtie masta kwenye majaribu.

#7 Mgeni wa Jiji

Na tiketi? Nimeangalia muda, imeandikwa 00:40 tarehe 15. Nikatokee stesheni lini?

#8 Mizani ya Stesheni

Usiku wa tarehe 14, mkuu. Reli inatumia saa za ishirini na nne na siku inabadilika saa sita usiku. 00:40 ni saa sita na dakika arobaini za usiku. Ukisubiri tarehe 15 iingie giza, treni imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Kosa hili na la kusoma 02:30 kuwa saa mbili na nusu (ni saa nane na nusu usiku) ndiyo yanayowaacha wengi. Masta akikutajia saa mdomoni, mrudishie: "Saa nane ya usiku wa kuamkia lini?"

Mengine kwa ufupi. Stesheni ndogo hupata nafasi chache za kulala kwa sababu mabehewa hujaa toka mwanzo wa safari, kwa hiyo kata mapema, kituoni au kwa mtandao, na uende na kitambulisho. Ukipanda bila tiketi utatozwa nauli na faini. Andika namba ya behewa lako mkononi ukipenda, kisha uliza litasimama upande gani. Treni ni ndefu kuliko jukwaa, na kukimbia na mtoto na mabegi gizani juu ya kokoto kutoka mkia hadi kichwa ni njia nzuri ya kuvunjika mguu. Treni ikipokelewa lupu, milango ya kushukia inaweza kuwa upande usiouzoea, na kati yako na ofisi pana njia kuu ambayo treni nyingine inakuja. Msikilizeni pointimani kwanza.

#9 Ndugu wa Gengi

Nimesoma vyote, hakuna aliyegusa njia yenyewe. Nyie wa ofisini mnadhani reli inajitunza.

Tuanze na pointi. Adui yake ni kokoto moja. Ikiingia kati ya ulimi (ile reli iliyochongwa ncha) na reli ya pembeni, ulimi haubani, unaacha upenyo, na ukingo wa gurudumu unaingia mle. Bogi (seti ya magurudumu chini ya behewa) la kwanza linakwenda njia kuu, la pili lupu, na behewa linakaa kimshazari. Pointimani anayejua kazi hufagia kabla ya kila treni, hupaka grisi au oili kwenye sahani zinakotelezea ndimi, husukuma wenzo, kisha huenda kutazama kwa macho kama umebana, ndipo hufunga kufuli. Wenzo kufika mwisho si ushahidi. Fimbo inayouunganisha na ulimi inaweza kuwa imepinda.

Wazazi, watoto wasicheze kwenye pointi. Na wafugaji, ng'ombe wakivushwa palepale kwenye pointi kila jioni, kokoto zinahama. Wavusheni kwenye kivuko.

Joto nalo. Chuma cha reli cha mita 12, toka baridi ya alfajiri hadi jua la mchana nyuzi zikipanda 40, kinarefuka kama milimita 5 na nusu. Ndiyo kazi ya mwanya ulioachwa kwenye kiungo, na ndiyo sauti ya ta-ta, ta-ta mnayoisikia. Miaka ikipita reli hujisukuma, hasa kwenye miteremko inakofungwa breki, mianya huku inazibika na kule inapanuka. Penye mianya iliyozibika na kokoto pungufu, mchana wa jua kali njia inatafuta pa kwenda na inapinda kando. Dawa yake ni kulegeza bolti za viungo, kurudisha reli mahali pake na kujaza kokoto hadi ncha za mataruma. Dawa ya muda ni ubao wa kupunguza mwendo. Abiria wakiona treni inatambaa kwenye tambarare isiyo na kitu, mara nyingi kuna ubao kama huo.

Na mataruma ya chuma yanayoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu: ukitoa moja unadhani hujafanya kitu. Yakiondoka matatu yanayofuatana, reli inaweza kutanuka chini ya injini.

#10 Mwana wa Mkondoa

Mzee wa gengi, na mafuriko je? Sisi kati ya Kilosa na Gulwe kila masika tunakaa roho juu.

#11 Ndugu wa Gengi

Kipande hicho ndicho kidonda cha reli yote. Njia imebanana na mto Mkondoa bondeni. Mto unashuka na mchanga, mchanga unajaa chini ya madaraja na kwenye makalvati, kina kinapungua mwaka hadi mwaka, maji yakija hayana pa kupita, yanazunguka tuta. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 yaliharibu njia hadi safari zikasimama kwa miezi.

Lililo baya zaidi ni lisiloonekana. Maji yanakula udongo chini ya kokoto, reli na mataruma vinabaki vinaning'inia angani, na dereva akitazama kwa mbali anaona njia imenyooka. Ishara za kutazama baada ya mvua kubwa: maji yanayotuama upande mmoja wa tuta na upande wa pili pakavu, ufa mrefu sambamba na reli, kalvati linalotoa maji ya tope jekundu kuliko mto wenyewe, na reli iliyokaa kama imebonyea.

Mwanakijiji akikuta hivyo, kwanza ampigie masta wa stesheni iliyo karibu au atume mtu wa pikipiki. Masta ndiye mwenye uwezo wa kukataa kutoa njia, na treni ambayo haijaondoka haihitaji kusimamishwa. Ampe namba iliyo kwenye ubao wa kilometa ulio jirani, asiseme "pale kwenye mbuyu". Kisha watu wawili wakimbie, mmoja kila upande, angalau kilomita moja, maana treni iliyojaa inaweza kuhitaji zaidi ya nusu kilomita kusimama. Kitambaa chekundu ni bora. Kikikosekana, kitu chochote kikipungwa kwa nguvu mbele ya dereva, na usiku taa yoyote ikipungwa kwa nguvu, maana yake ni simama. Usisimame katikati ya reli, simama pembeni anakoweza kukuona toka mbali, hasa kabla ya kona.

#12 Kontrola Usiku

Hapo kwenye namba ya kilometa natia mkazo. Kontrola akipewa namba anajua papo hapo ni kati ya stesheni zipi na nani wa kumzuia. Akipewa mbuyu anaanza kuuliza maswali huku treni inakwenda.

#13 Mgeni wa Jiji

Swali la mwisho wakuu. SGR, reli mpya ya umeme, imeanza Dar hadi Dodoma tangu 2024. Hizi stesheni ndogo si zinakufa?

#14 Kontrola Usiku

Tazama vituo vyenyewe. Kati ya Dar na Morogoro SGR ina Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Treni ya umeme ya mwendo kasi haiwezi kusimama kila kijiji na bado ikaitwa ya kasi. Toka Dodoma kwenda Tabora, Mwanza, Mpanda na Kigoma abiria bado ni wa reli ya zamani, na mtu wa Nyahua au Usinge hana SGR ya kupanda leo. Kitakachobadilika ni hesabu: mizigo ikihamia SGR, treni za kupishana zinapungua, na lupu isiyopishanisha mtu huwa ya kwanza kufungwa. Pointi zinang'olewa, masta anahamishwa, panabaki kibao na mahali pa kusimama. Abiria bado hushuka, ila hakuna wa kumuuliza treni iko wapi wala wa kupima gunia lake.

Na msidhani SGR haipishani. Nayo ni njia moja yenye lupu. Tofauti ni kwamba pointi na taa zinaongozwa toka chumba cha mbali, kwa hiyo hamuoni mtu anatembea na kufuli.

#15 Bi Matenga

Ahsanteni. Bado moja: tukisubiri, watu wa kijijini hukaa kivulini chini ya mabehewa ya mizigo yaliyosimama njia ya tatu. Hayo si hayana injini?

#16 Ndugu wa Gengi

Dada, watoeni leo hii. Behewa lililoachwa peke yake huzuiwa kwa breki ya mkono na kabari chini ya gurudumu, kwa kuwa breki ya upepo huvuja na baada ya muda haishiki kitu. Kabari ikiwa jiwe lililowekwa kwa haraka, kusukumwa kidogo kunatosha. Injini ikija kuyachukua, inayagonga upande wa mbali, huku mlipo hamsikii honi wala hamuoni, na mshtuko unafika ukiwa umeshatembea. Kivuli kipo ukutani kwa ofisi, upande wa mashariki baada ya saa saba.

#17 Mizani ya Stesheni

Bi Matenga, na matenga ya kuku nayo yasiwekwe huko. Yapange kwenye ukuta huohuo, mita mbili toka reli ya kwanza au zaidi, kamba zisining'inie kuelekea njia. Ngazi za mabehewa hujitokeza nje, zikinasa kamba zinaondoka na tenga.